Uzi maalum: Maisha ya pwani ya kaskazini ya mbali, Norwei (Lofoten, Tromsø, Finnmark). Shughuli, samaki na watu wake

Mgosi wa Lofoten (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nikisema naishi Norwei kaskazini, juu ya duara la Aktiki, swali ni lile lile: "Baridi unaiwezaje?" Jamani, baridi ya Lofoten mnaikuza. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unapita mbele ya milango yetu, bahari haigandi hata Januari, na siku nyingi kipimajoto kinachezacheza kwenye sifuri. Kinachotesa ni upepo na utelezi. Utelezi una dawa yake, vile vyuma vyenye meno vya kuvalisha viatu. Upepo hauna dawa.

Uzi nauleta kwa jambo jingine. Wengi tukifika huku tunalalamika kwamba watu ni wagumu, hawaongei, hawakaribishi. Unakaa jengo moja na jirani mwaka mzima, salamu ni kutikisa kichwa. Hilo la kichwa ni kweli, sibishi. Ila watu hawa wanakutana sana, na wanakutana kwenye shughuli. Sebuleni ni baadaye kabisa. Na kwenye shughuli hawakwambii karibu ukae ule. Wanakupa kitu ukishike. Ukikishika umeingia. Basi naeleza shughuli za huku, na wadau wa Tromsø na Finnmark waje waongeze, maana pwani hii ni ndefu.

Mwaka wetu unaanza na samaki. Januari hadi Aprili anaingia skrei, samaki mkubwa mweupe anayeshuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai kwenye maji ya Lofoten. Biashara yake ina kama miaka elfu moja. Kijiji cha Kabelvåg kina kanisa la mbao la 1898 lenye nafasi ya watu 1,200, na ukikitazama kijiji chenyewe unajiuliza hao 1,200 wangetoka wapi. Walikuwa wavuvi wa msimu, waliokuja kwa maelfu na kulala kwenye vibanda vyekundu vya kando ya maji. Vibanda hivyo leo watalii wanavilipia bei ya hoteli.

Samaki akifika dikoni anakatwa kichwa, anatolewa matumbo, anafungwa wawili wawili mkiani na kuanikwa kwenye chanja za mbao ndefu kuliko nyumba. Chumvi hawatii hata punje. Upepo na ubaridi ndio wapishi: baridi ikizidi nyama inaharibika, joto likizidi nzi wanaingia. Akishushwa Mei au Juni amekuwa mkavu kuliko papa ng'onda wa kwetu Tanga, ukimgonga mezani analia. Kisha anakuja mkaguzi, anamnusa, anamtazama mgongo na shingo, anampanga daraja. Madaraja ni kama ishirini. Wazuri wanakwenda Italia, vichwa vinakwenda Nigeria. Mji mzima unanuka, na wazee wanakwambia hiyo ni harufu ya pesa.

Sasa kazi inayonifurahisha kuliko zote ni ya watoto. Ulimi wa skrei unaliwa, unakaangwa kwa siagi, mtamu balaa, na kuukata ni kazi ya watoto tangu zamani. Baada ya shule unawakuta kwenye banda la samaki wamevaa ovaroli za mpira zinazowameza. Mbele ya mtoto kuna ubao wenye msumari mrefu umesimama. Anachukua kichwa cha samaki kikubwa kama chake, anakichoma kwenye msumari kupitia chini ya kidevu, ulimi unajitokeza, anapitisha kisu mara moja, ulimi kwenye ndoo, kichwa kwenye pipa. Hatazami hata mikono yake, anaongea na mwenzake habari za mpira. Hela ya ndimi ni yake, na wapo wanaoingiza makumi ya maelfu ya kroner kwa msimu.

Machi mwishoni Svolvær wanafanya mashindano ya dunia ya kuvua skrei, yapo tangu 1991. Boti zinajaa watu wa kila aina, wa kazini na wa familia, wengine wamekuja kwa ajili ya bia tu. Usiku ni muziki na mahema. Hapo ndipo bosi wangu aliniongelesha mambo yasiyo ya kazi kwa mara ya kwanza.

Naweka nukta hapa, wadau endeleeni.

Dagaa Mkavu

Nipo siti ya mbele na kahawa yangu. Picha mkuu, uzi bila picha ni redio.

Kasuku Mtoro

Hapo kwa watoto na visu umeniacha. Huko si ndiko tunakosikia ukimkaripia mtoto tu serikali inakuja kumchukua? Leo unasema mtoto wa darasa la tatu anashinda na kisu kwenye damu ya samaki? Hii ni chai.

Mgosi wa Lofoten

@Kasuku Mtoro chai unaijua wewe. Kila jamii ina mahali inapomwamini mtoto. Huku mtoto anafundishwa kisu mapema, anatembea peke yake kwenda shule gizani na kipande kinachong'aa kimening'inia kwenye koti ili madereva wamwone, na analala nje kwenye kigari akiwa mchanga. Mzazi wa Kibongo akiona anapiga yowe. Halafu wao wakituona tunamtuma mtoto wa miaka saba amwangalie mdogo wake, yowe linarudi kwao. Kwa ndimi hakuna anayeshangaa, babu yake alikata, mama yake alikata.

Mama Furaha Tromsø

Hodi humu. Mgosi umeongea vizuri ila umeruka giza, labda kwa sababu kwenu ni kidogo. Njoo Tromsø uone.

Sisi jua linatuaga mwishoni mwa Novemba, na kwa kuwa mji umezungukwa na milima tunaliona tena karibu tarehe 21 Januari. Katikati hapo si usiku wa manane muda wote kama mnavyofikiri. Mchana kuna masaa machache ya mwanga wa buluu, na theluji inasaidia. Lakini mwili haudanganyiki. Unachoka, unakosa usingizi, unakula hovyo. Wanorwei wanakunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila asubuhi, nikawa nawacheka, sasa chupa iko kwenye friji yangu.

Halafu angalia walivyopanga shughuli. Ule wakati ambao mtu angejifungia ndani, wamejaza mambo. Januari kuna tamasha la filamu, kubwa kweli, na watu wanapanga foleni kwenye theluji kuangalia sinema za nchi ambazo hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Kuna mbio za nusu marathoni gizani. Kuna wiki ya muziki wa Nordlysfestivalen. Na siku jua linaporudi, shule zinawatoa watoto nje walisubiri, na mji mzima unakula maandazi ya mviringo yenye jamu ndani. Foleni ya mkate siku hiyo usiombe. Kazini yanaletwa masanduku masanduku. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani kuna mtu ana sikukuu ya kuzaliwa.

Tarehe 6 Februari ni siku ya Wasami, wenyeji wa asili wa huku. Inakumbuka mkutano wao wa kwanza mkuu uliofanyika Trondheim mwaka 1917. Wiki hiyo barabara kuu ya Tromsø inafungwa, inamwagiwa theluji, halafu yanafanyika mashindano ya kulungu wa kaskazini, wale wenye pembe za matawi. Mtu amesimama kwenye skii, ameshika kamba, mnyama anamvuta mbio katikati ya maduka ya nguo. Ukikaa mstari wa mbele unarushiwa theluji usoni. Wanashindana pia kurusha kamba kunasa pembe, na humo nimeona mabibi wa miaka sabini wakiwaaibisha vijana.

Msiione ngoma hiyo mkadhani mambo yalikuwa hivyo siku zote. Serikali kwa vizazi vingi iliwalazimisha Wasami waache lugha yao, watoto wakapelekwa bweni wafundishwe Kinorwei. Pwani ya Troms, mkoa wetu huu, wako watu waliokua bila kujua kwamba wao ni Wasami, wazazi waliwaficha. Kåfjord walipoweka vibao vya barabarani vya lugha mbili, watu walivipiga risasi. Kwenye halmashauri hiyo hiyo, tangu 1991, vijana walianzisha tamasha la Riddu Riđđu, na siku hizi kila Julai linaleta wenyeji wa asili kutoka pande zote za dunia. Mimi huwa nakwenda na mahema na watoto. Mbu tu ndio wanatukumbusha nyumbani.

Mpwani254

Asante sana dadangu, umeeleza ukaeleweka. Mimi niko Mombasa na nina ndugu amepata nafasi ya masomo Tromsø. Swali la Ramadhani: jua lisipotua mtu anafungua saa ngapi? Na lisipochomoza?

Mama Furaha Tromsø

@Mpwani254 mimi Mkristo lakini majirani zangu Wasomali wamenieleza. Msikiti upo Tromsø. Miaka ile Ramadhani ilipoangukia Juni na Julai, wakati jua halitui kabisa, wengi walifuata saa za Makka, wengine wakafuata mji wa kusini ambako jua linatua. Sasa imesogea Februari na Machi, raha mustarehe: mwezi unaanza na mchana wa kama masaa manane na unaisha na masaa kama kumi na mbili. Mwambie ndugu yako ajiandae na 2030, Ramadhani itaingia mara mbili mwaka huo, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, zote gizani. Saa za kufuata watakuwa nazo, hilo walishalizoea.

Futari ya pamoja ipo, na Wanorwei huwa wanaalikwa. Wanakuja dakika tano kabla, wamevua viatu, wamebeba keki.

Mtoto wa Uvira

Jambo ndugu zangu. Aksanti Mgosi kwa kufungua mada, na Mama Furaha kwa ile ya Wasami.

Mimi niko Finnmark, upande wa mashariki, Vadsø. Sisi tuliletwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kutoka kambi ya Nakivale, Uganda. Wakongomani wengi wa Norwei wamepitia njia hiyo: halmashauri inasema itapokea watu, mnapewa nyumba, mnaingia mafunzo ya lugha na kazi huku mnalipwa posho. Hauchagui mji. Mimi niliambiwa jina la mji nikautafuta kwenye simu, ramani ikapanda, ikapanda, nikadhani simu imeharibika.

Mjue kitu kimoja kuhusu Finnmark. Majengo ya zamani ni machache sana. Mwaka 1944 Wajerumani wakirudi nyuma mbele ya jeshi la Kisovyeti walichoma Finnmark na sehemu ya Troms: nyumba, mashule, hospitali, hata nguzo za simu. Watu kama 50,000 walihamishwa kwa nguvu, wengine maelfu wakajificha kwenye mapango na vibanda vya udongo majira ya baridi. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alizaliwa ndani ya kibanda cha namna hiyo. Mimi nikamweleza tulivyokimbia Uvira, na kati ya wote niliowaeleza habari hiyo ni yeye peke yake ambaye hakuniuliza maswali ya televisheni. Aliuliza kama tuliwahi kubeba chungu.

Na Vadsø kuna mnara wa wahamiaji, katikati ya mji. Ulizinduliwa 1977 na mfalme wa Norwei, mfalme wa Uswidi na rais wa Ufini, kwa kumbukumbu ya Wakven, watu waliotoka Ufini na kaskazini ya Uswidi kwa sababu ya njaa, wakaja kutafuta samaki. Kwa hiyo huku ukisema wewe ni mgeni, nusu ya mji bibi zao walikuwa wageni.

Shughuli za kwetu: Agosti kuna tamasha la jazi, Varangerfestivalen, tangu 1982. Mji ni mdogo, kwa hiyo kila mtu anahitajika. Mwaka wa kwanza nilipewa fulana ya kujitolea na kazi ya kubeba viti, na wiki moja baadaye mtu niliyebeba naye viti ndiye aliyeniambia kuna nafasi kwenye karakana ya halmashauri. CV yangu ilikuwa imelala miezi kwenye mitandao. Vardø, jirani zetu, jua likirudi Januari na kuonekana zima, ngome ya zamani inapiga mzinga na watoto wanapewa ruhusa ya shule. Machi kuna Finnmarksløpet, mbio za mbwa wanaovuta sileji, zinaanzia Alta. Walio kwenye njia ndefu wanakwenda zaidi ya kilomita elfu. Vituo vya njiani vinahudumiwa na wanavijiji usiku na mchana. Mtu anaomba likizo kazini ili akakoroge supu saa tisa usiku na kumsubiri mwendesha mbwa ambaye hatasema hata neno, atakula, atalala sakafuni, ataondoka.

Na bingo ya redio! Mnanunua vijitabu dukani, jioni mnafungua redio ya mtaa, namba zinasomwa, mwenye kushinda anapiga simu. Mama yangu hajui Kinorwei kingi, lakini namba zote anazijua kwa sababu ya bingo.

Binti Pangani

Mtoto wa Uvira umeniliza na hapo kwenye chungu. Pole na hongera.

Swali: mbona nasikia watu wakimaliza hayo mafunzo wanahamia Oslo wote?

Mtoto wa Uvira

@Binti Pangani wengi kweli. Kazi, kanisa la Kiswahili, duka la unga na sombe (kisamvu), harusi. Huku ukipata msiba ni watu wachache wa kulia nawe kwa lugha yako. Siwalaumu. Hata wenyeji vijana wanakimbia, shule za vijijini zinafungwa. Serikali tangu 1990 inawapunguzia watu wa Finnmark na Troms ya kaskazini kodi na deni la mkopo wa elimu ili wabaki, na bado wanakimbia. Ila ndio maana mtu anayebaki anaonekana. Kwaya yetu ya Kiswahili ina watu tisa, na kila Desemba tunaitwa kuimba mahali kumi.

Bodaboda Mstaafu

Mkuu Mgosi, tuache mashairi. Kazi za samaki zipo? Nina mikono miwili na pasi ya kusafiria. Na kile kisiwa kisichotaka viza ni kweli?

Mgosi wa Lofoten

@Bodaboda Mstaafu nakuheshimu kwa kusema ukweli. Mabanda yanachukua sana Walithuania, Wapoland na Waromania, kwa sababu hawahitaji kibali. Wewe wa Tanzania unahitaji kibali cha msimu na mwajiri aliyekuandikia mkataba kabla hujapanda ndege. Anayekwambia atakuchukulia kwa dola mia tano, mkimbie.

Na samaki wenyewe wamepungua. Mgawo wa samaki huyu kwa Bahari ya Barents, ambao Norwei na Urusi wanaupanga pamoja, mwaka 2021 ulikuwa tani 885,600. Mwaka 2025 ulishuka hadi tani 340,000, ambao wakati huo ulikuwa wa chini kabisa tangu 1991. Kuna mabanda jirani yetu ambayo zamani yalifanya kazi zamu mbili, sasa yanafunga mapema.

Hivyo ni visiwa vya Svalbard. Kwa mkataba wa 1920 viza haitakiwi, kweli, lakini ndege inapitia Norwei bara na huko viza inatakiwa. Ukifika ujitegemee: huna hela, unarudishwa.

Kasuku Mtoro

Naona Lofoten inajaa watalii mitandaoni. Wenyeji wanafaidika au wanasindikiza?

Mgosi wa Lofoten

@Kasuku Mtoro leo umeuliza la maana. Yote mawili. Migahawa inapata, wenye nyumba wanapata. Kijana anayetaka kupanga hapati, kwa sababu nyumba inalipa zaidi ikilaza mtalii wiki moja kuliko mwalimu mwezi mzima. Kiangazi magari ya kulala yanaziba barabara, watu wanajisaidia nyuma ya mawe kwenye malisho ya kondoo. Bunge lilipitisha sheria 2025 inayoruhusu halmashauri zilizolemewa kutoza hadi asilimia 3 kwenye malazi, fedha ziende kwenye vyoo na njia. Mimi naunga mkono, tena wangechelewa kidogo tu wangekuta mawe yamekwisha.

Mtalii anapiga picha chanja za samaki na uwanja wa mpira wa Henningsvær uliojengwa juu ya mwamba katikati ya bahari. Haoni nani amepanga viti, nani amefagia. Hapo niingie kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, maana sijausema bado. Wenyewe wanauita dugnad. Mei theluji ikiyeyuka, tangazo linabandikwa mlangoni: Jumanne saa kumi na moja jioni, leteni reki. Changarawe zote zilizomwagwa barabarani wakati wa barafu zinafagiliwa, uzio unapakwa rangi, mwishoni soseji zinachomwa. Hakuna anayekulazimisha kuja. Hakuna pia atakayesahau kwamba hukuja.

Bendi ya shule inataka tarumbeta mpya, wazazi wanakusanya vitu vya zamani vya mtaa mzima na kufungua soko la mitumba kwenye ukumbi wa michezo. Mimi huwa nawekwa kwenye meza ya vyombo. Mke wangu naye yuko kwenye vafler, vile vikate laini vyenye umbo la moyo, vinaliwa na jamu au na jibini ya kahawia. Bahati nasibu inauzwa hapo hapo, na zawadi ni kapu la matunda, pakiti ya kahawa au soksi za sufu zilizofumwa na bibi. Watu wazima wenye boti za mamilioni wanashangilia soksi.

Halafu 17 Mei, sikukuu ya katiba ya 1814. Hakuna vifaru wala gwaride la jeshi mbele ya viongozi. Wanaoandamana ni watoto wa shule na bendera ndogo, na bendi ile ile mliyoinunulia tarumbeta inatangulia. Wanawake wamevaa mavazi ya asili yenye vifungo vya fedha, na kwa kaskazini huku inawezekana kabisa theluji ikadondoka juu ya vifungo hivyo. Watoto wanakula aisikrimu hivyo hivyo. Mke wangu huvaa kitenge juu ya nguo za sufu, na hakuna picha ya mtaa anayokosekana.

Dagaa Mkavu

Picha bado.

Binti Pangani

Mgosi, nikija kutembea, mwezi gani? Nataka nione watu, milima hata Lushoto ipo.

Mgosi wa Lofoten

@Binti Pangani njoo Machi wiki ya mwisho. Mchana na usiku vinakaribiana, samaki wako juu, watalii wa kiangazi hawajafika, na usiku mawingu yakipisha unaweza kuona zile taa za kijani angani. Usije Oktoba wala Novemba, ni mvua ya kulalia ubavu na hakuna kinachoendelea isipokuwa watu kufunga matairi ya misumari. Lete viatu vyenye soli pana, koti utaazimwa. Na ukifika Jumamosi kuna uwezekano mkubwa utakabidhiwa aproni.

Binti Pangani

Aproni naiweza. Hiyo jibini ya kahawia ndiyo siiwezi, niliionja Dar kwa mzungu mmoja.

Mama Furaha Tromsø

Sema unaizoea. Hakuna anayeipenda mwaka wa kwanza.